Ziwa la Mama, Ziwa la Nchi

Kiswahili kina neno moja kwa maji mengi yaliyotulia katikati ya nchi na kwa kiungo anachonyonya mtoto mchanga. Neno hilo ni ziwa. Tunasema Ziwa Tanganyika, na wazee walisema mtoto kapewa ziwa. Kinachotoka humo ni maziwa, na maziwa yakiwa mengi kwenye ramani yanaitwa Maziwa Makuu. Tena mtu akiulizwa kwao hasa ni wapi, hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake. Kwa hiyo hatuhitaji mgeni wa kutufundisha kwamba mama na ardhi hukutana. Lugha ilitufundisha tukiwa bado tunabebwa mgongoni.

Picha yenye wazo hilo kila msomaji ameshakutana nayo. Imechorwa kwenye kuta za shule, kwenye fulana za siku ya mazingira, kwenye kalenda za ofisini. Ni mwanamke wa kijani, nywele zake matawi, tumbo lake la mimba ni tufe la dunia, macho kayafumba. Mara nyingine analia na machozi yake yanakuwa mto. Uzuri wake sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kile ambacho mama huyo anaruhusiwa kufanya. Anaweza kukataa? Anaweza kudai? Au kazi yake ni kutoa tu mpaka akauke? Ukizipitia sanaa za dunia na swali hilo, picha zilizofanana kwa mbali zinaachana njia mara moja.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wengi huamini kwamba watu wote tangu zamani waliiona ardhi kuwa mwanamke. Sivyo. Wamisri wa kale walichora kinyume chake: ardhi ni Geb, mwanamume aliyelala chini, na mbingu ni Nut, mwanamke aliyejipinda juu yake, vidole vya mikono vikigusa upande mmoja wa dunia na vya miguu upande wa pili. Kwenye dari la kaburi la Ramesses VI, katika Bonde la Wafalme, Nut amechorwa mara mbili, mgongo kwa mgongo, akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Kwa Wamaasai nako, jina la Mungu, Enkai, lina kiambishi cha kike, na neno hilohilo hutumika kwa mbingu na mvua. Mahali hapo pote uzazi uko juu, si chini ya nyayo.

Ulaya ilipata mama wake wa asili kwa sehemu kupitia sarufi. Natura na terra ni maneno ya kike katika Kilatini, na watoto wa Kilatini, yaani Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania, waliurithi uke huo. Mchongaji aliyeombwa aipe asili umbo la mtu alikuta lugha imeshamchagulia. Kiswahili hakimfungi msanii wake namna hiyo: ardhi, mvua, msitu na bahari havina uke wala uume. Msanii wetu akimchora mama, amechagua mwenyewe, na aliyechagua anaweza kuulizwa sababu.

Sanamu zinazotajwa kila mara kuwa mwanzo wa habari hii nazo zinataka tahadhari. Mwaka 1908, huko Willendorf nchini Austria, ilifukuliwa sanamu ya jiwe la chokaa yenye urefu wa sentimita 11 hivi, iliyochongwa yapata miaka 30,000 iliyopita na kupakwa udongo mwekundu. Ni mwanamke mwenye matiti mazito na tumbo lililoshuka. Vijikono vyake vyembamba vimelala juu ya matiti, kichwa chote kimezungukwa na mistari kama ususi au kofia, na uso hakuna. Inaenea kiganjani. Tangu ipatikane imeitwa mungu-mama, ishara ya rutuba, hata hirizi ya uzazi. Aliyeichonga hakuacha neno hata moja. Sisi ndio tuliompa cheo cha umama, kwa kuwa tulipoona titi kubwa hatukuweza kufikiri jambo jingine.

Hali ni hiyohiyo Çatalhöyük, Uturuki, ambako mwaka 1961 mwanaakiolojia James Mellaart alipata sanamu ya udongo wa kuchoma ya mwanamke mnene aliyeketi, mikono yake juu ya wanyama wawili wa jamii ya paka. Aliipata ndani ya pipa la nafaka. Mellaart alimtangaza mungu-mama wa wakulima wa kwanza. Wachimbaji waliofuata, wakiongozwa na Ian Hodder, waligundua kwamba vinyago vingi vya mji huo ni vya wanyama tu. Kimoja walichokipata ni cha ajabu: mbele ni mwanamke aliyeshika matiti yake, nyuma ni mifupa mitupu, mbavu na uti wa mgongo. Aliyekifinyanga aliweka uhai na kifo katika mwili mmoja. Wafinyanzi wa miaka 8,000 iliyopita walikuwa na mawazo mapana kuliko kalenda zetu.

Wasomaji wa Biblia wanamjua Artemi wa Efeso kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 19, ambako Demetrio mfua fedha anachochea ghasia kwa hofu ya kukosa wateja. Sanamu za marumaru za mungu huyo zilizofukuliwa Efeso mwaka 1956 zimejaa vitu vya mviringo kifuani, safu juu ya safu. Kwa karne nyingi viliaminika kuwa matiti. Lakini havina chuchu, na wapo wataalamu wanaosema ni korodani za mafahali waliotolewa kafara, au mapambo yaliyotundikwa juu ya sanamu ya zamani ya mbao. Ulaya haikungoja hoja hiyo iamuliwe. Mwaka 1568 Gillis van den Vliete alimchonga Artemi wa namna hiyo kwa ajili ya bustani ya Villa d'Este, Tivoli, karibu na Roma, na maji yakaelekezwa yatoke katika kila titi. Hadi leo yanatoka. Anayepita husimama, akatazama, akaendelea na matembezi yake. Mama huyo ni bomba, halifungwi wala halidai ankara.

Umbo hilo likaingia hata kwenye sayansi. Carl Linnaeus, Mswidi aliyewapanga viumbe kwa majina, aliweka mwanamke wa matiti mengi kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu chake cha wanyama wa Uswidi cha mwaka 1746. Miaka 12 baadaye akaunda jina jipya, Mammalia, kutokana na neno la Kilatini la titi. Sisi tunasema mamalia, na mwanafunzi anayelisoma darasani hudhani limetoka kwa mama. Linnaeus angeweza kuchagua nywele au mifupa ya sikio, kwani hivyo pia ni vya mamalia wote, wa kiume na wa kike. Alichagua titi. Mwaka 1752 alikuwa ameandika dhidi ya desturi ya matajiri ya kukodi wanawake wa kuwanyonyeshea watoto, akitaka kila mama arudi nyumbani kwa mwanawe. Mwanahistoria Londa Schiebinger ameonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyoshikana: picha ya asili inayonyonyesha ilitumika kumwambia mwanamke mahali pake.

Natamani msomaji aione kwa macho yake sanamu moja ya Paris. Iko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, ni kazi ya Louis-Ernest Barrias ya mwaka 1899, na jina lake lasema Asili inajifunua mbele ya Sayansi. Mwanamke amesimama, kichwa kakiinamisha kidogo, na kwa mikono yake miwili anauinua ushungi uliokuwa umemfunika. Matiti yameshakuwa wazi. Ushungi na gauni ni mawe ya oniksi yenye mistari kama ya nguo ya hariri, na kiunoni gauni limeshikwa na mbawakawa wa jiwe la kijani. Sayansi yenyewe haimo ndani ya sanamu. Sayansi ni wewe unayetazama. Mchongaji amekuweka mahali pa daktari au mhandisi, na mwanamke anajivua kwa hiari yake, bila ya kuombwa, bila ya kukuangalia machoni. Oniksi hiyo ilitoka Algeria, nchi ambayo Ufaransa ilianza kuiteka mwaka 1830. Kwa hiyo mwili wa mama anayetoa kwa hiari umetengenezwa kwa mawe ya nchi ambayo haikuulizwa hiari yake. Sijui picha nyingine inayoweka wazi kiasi hicho kile kinachofichwa na neno "mama" likitumiwa vibaya.

Sasa tazama titi hilohilo likifunuliwa Nairobi. Mwaka 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park kwa mgomo wa kula wakidai wana wao waachiwe. Wangari Maathai, ambaye miaka michache nyuma alizuia ghorofa refu lisijengwe katika bustani hiyohiyo, alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya wale mama wakavua nguo. Hakuna Mkenya aliyehitaji mfasiri. Mwanamke wa umri wa mama yako akikuonyesha matiti yake kwa hasira, amekulaani. Ni mwili uleule wa Barrias, na tendo ni lilelile la kuvua, lakini maana imegeuka: kule kuvua ni kukubali, huku kuvua ni kukataza.

Watu wa pwani nao wanajua kwamba maziwa hayaishii tumboni. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili na mwanamke asiyemzaa, kabla ya kutimiza miaka miwili, amekuwa mwanawe wa kunyonya. Hawezi kumwoa binti wa mwanamke huyo. Ni dada yake. Maziwa yameleta undugu na undugu umeleta mipaka. Ndiyo maana tunaogopa kukosa radhi za mama kuliko tunavyoogopa kukosa mali yake. Mchoraji anayemchora mama anayetoa pasipo deni lolote kumwangukia mpokeaji amemchora mama ambaye sisi hatumjui.

Mchoraji Frida Kahlo alilijua deni hilo. Katika mchoro wake mdogo wa mwaka 1937, uliochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya bamba la chuma, yeye mwenyewe ni mtoto mwenye kichwa cha mtu mzima, amelala mikononi mwa mwanamke mweusi mkubwa wa wenyeji wa Meksiko. Titi moja limefunuliwa hata ndani, na mirija yake imekuwa mmea unaochanua. Nyuma yao mvua inanyesha matone meupe kama maziwa. Yote hayo ni ya mama wa asili tunayemzoea. Lakini uso wa mwanamke huyo ni kinyago cha jiwe cha kale. Hambembelezi mtoto, wala hamtazami. Kahlo alinyonyeshwa kweli na mwanamke wa kukodiwa, na alisimulia kwamba matiti ya yaya huyo yalioshwa kila alipotaka kunyonya. Ameiweka shukrani na aibu katika bamba moja, kwa kuwa alikuwa anajua ni nani aliyelipwa kidogo ili yeye ashibe.

Kinyago kile kina ukoo. Tarehe 13 Agosti 1790 wafanyakazi waliokuwa wakichimba uwanja mkuu wa Mexico City walifukua jiwe lenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu: Coatlicue, mama wa miungu wa Waazteki. Sketi yake ni nyoka waliosukwa, miguu yake ni kucha, na shingoni amevaa mkufu wa mioyo na viganja vya watu. Kichwa hana; mahali pake nyoka wawili wamekabiliana, na pua zao zikikutana zinafanya uso. Alipelekwa chuo kikuu, lakini wenyeji walipoanza kumjia na sadaka, wakubwa walimzika tena. Mwaka 1803 msafiri na mwanasayansi Alexander von Humboldt aliomba afukuliwe amwone, kisha akarudishwa chini. Kinachonishika zaidi ni kilichochongwa chini ya nyayo zake, upande unaogusa udongo, ambako jicho la mtu lisingefika. Ni sura ya Tlaltecuhtli, mungu wa ardhi. Wachongaji walifanya kazi yote hiyo ili ardhi yenyewe ione. Mama huyu anazaa na anakula, na aliyemchonga hakumwonea haya kwa hilo.

Barani Afrika mfano ninaourudia ni nyumba za mbari za Waigbo wa Owerri, kusini mashariki mwa Nigeria. Ala, mungu wa ardhi, alipodai kupitia kwa mganga, watu waliteuliwa na kutengwa kwa muda mrefu ili wamjengee. Udongo waliutwaa kwenye kichuguu, wakauponda, wakaufinyanga sanamu kwa makumi: wanyama, wazungu, polisi, watu wa mji. Katikati ya wote aliketi Ala na mtoto. Siku ya ufunguzi watu walikula na kucheza, kisha nyumba haikufanyiwa ukarabati tena. Mvua iliingia, kuta zikamomonyoka, udongo ukarudi ulikotoka. Hapo mama wa ardhi ndiye anayeagiza na msanii ndiye anayelipa. Majumba ya makumbusho hayawezi kuuonyesha mbari ipasavyo, kwa sababu kuuhifadhi ni kuuharibu.

Kwetu Wamakonde wana hadithi, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kiumbe aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikawa mwanamke hai, mama wa ukoo wote. Kwa hiyo mama wa kwanza ni kinyago, na aliyemleta duniani ni mchongaji. Ukoo wa Kimakonde hufuatwa kwa mama, na katika ile michongo mirefu ya ujamaa, watu wakiwa wamebebana bega kwa bega kama kichuguu, mama ndiye mara nyingi utakayemkuta kileleni au katikati. Pita Mwenge, Dar es Salaam, utazame tezo ikiondoa ganda jeupe la gogo la mpingo mpaka weusi utokee. Mti huo hukua polepole, kwa miongo mingi, na kila mwaka wachongaji huufuata mbali zaidi. Kinyago cha mama kimekatwa katika mwili wa mti unaopungua. Nadhani hilo linastahili kusemwa mbele ya mnunuzi, pamoja na bei.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amekwenda mbele kuliko wote niliowataja. Sanamu zake ameziumba kwa udongo mwekundu na mizizi, akamchonga nguva wa shaba, na mwaka 2019 akaketisha wanawake wanne wa shaba mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Kazi yake ninayoiweka juu ni filamu ya mwaka 2015, kwenye skrini tatu, ambamo mwanamke, yeye mwenyewe, anatembea nyikani na kikapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka: gurudumu, dishi la setilaiti, jengo la ghorofa, mtambo wa mafuta. Mgongo unapinda. Hatua zinakuwa fupi. Mwisho mwanamke na mzigo wanavimba wakawa kitu kimoja, kikaporomoka ukingoni mwa genge, na ardhi ikatulia kana kwamba hakuna aliyepita. Kila mmoja wetu amewahi kumwona mwanamke huyo barabarani na mzigo wa kuni, na amewahi kumsifu kwa ustahimilivu. "Nani kama mama," kanga zetu zinasema. Mutu anasema mama huchoka, na akianguka hatuinuki.

Wapo wanawake wasomi wanaotaka picha nzima iachwe. Sherry Ortner aliandika mwaka 1974 kwamba kumweka mwanamke upande wa asili na mwanamume upande wa utamaduni ndiko kulikomshusha mwanamke. Hoja hiyo ni nzito, na sanamu ya Barrias inaithibitisha. Lakini Ala, Coatlicue na wale mama wa Uhuru Park wananizuia kukubali yote. Tatizo si umama. Tatizo ni umama ulionyang'anywa mamlaka.

Carolyn Merchant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alieleza kwamba zamani Ulaya wazo la ardhi kuwa mama liliwatia watu hofu ya kuchimba madini: nani apasue tumbo la mamake kwa ajili ya dhahabu? Natamani ingekuwa hivyo kila mahali. Kuna mchoro wa karne ya 18 huko Potosí, Bolivia, katika jumba la zamani la kufulia sarafu, usio na jina la mchoraji. Unamwonyesha Bikira Maria akiwa ndiye mlima Cerro Rico. Gauni lake ni mteremko, na juu ya gauni kuna njia, miti, llama na wachimbaji wadogo kama siafu. Uso unatokea kileleni, viganja viwili vinatokea ubavuni, Utatu Mtakatifu unamvika taji, na chini wamepiga magoti Papa na mfalme. Wataalamu wanamwona humo pia Pachamama, mama wa ardhi wa watu wa Andes. Fedha ya mlima huo ilikuwa ikichimbwa tangu 1545, kwa kazi ya kulazimishwa iliyoua watu wasiohesabika. Waliomchora walimpenda, sina shaka na hilo. Walimpa uso, viganja na taji. Kinywa chake kimefumbwa.

Bolivia ilipitisha sheria ya haki za Mama Dunia mwaka 2010. Mwaka uliofuata shimo lilifunguka karibu na kilele cha Cerro Rico, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mji wa Potosí katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wachimbaji bado wanaingia mlimani.